Kuandaa zoezi la kusaka hitilafu kwa darasa la uzamili

Wiki iliyopita nilimsaidia mhadhiri mwenzangu kuandaa zoezi la uhandisi wa programu kwa wanafunzi wake wa uzamili. Alitaka wajenge mfumo kuanzia sifuri. Nikamwomba aache. Wengi wao wameshaajiriwa, na kazini mtu hurithi msimbo wa wenzake pamoja na kasoro zake. Bora wafundishwe kuishi nao.

Hatua ya 1. Chukua programu ndogo yenye historia ndani ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo, mabadiliko 200 hivi. Yangu hutunza akiba za kikundi cha kukopeshana.

Hatua ya 2. Panda hitilafu moja katikati ya historia. Mimi napenda ya saa: badiliko moja linaacha kutumia saa za Afrika Mashariki na kuchukua tarehe ya seva, ambayo iko kwenye UTC, saa ya rejea ya dunia, saa 3 nyuma yetu. Mwanachama akiweka 20,000 saa nane usiku tarehe 1 Machi 2025, kwa seva bado ni saa tano usiku, tarehe 28 Februari. Hela yake inaingia kwenye ripoti ya mwezi uliokwisha.

Hatua ya 3. Hakikisha hitilafu inatokea kila unapoiita. Hapa usiharakishe hata kidogo.

Mara ya kwanza jaribio langu, yaani programu fupi inayopima kama hitilafu ipo, lilitumia muda wa wakati uleule. Kompyuta za wanafunzi zilikuwa kwenye saa za Nairobi, likapita bila kuionyesha hitilafu. Tukahamia kwenye seva, likapita tena, kwa sababu ilikuwa jioni: tarehe yetu na ya UTC hutofautiana kati ya saa sita na saa tisa usiku tu. Wakahangaika saa nne nzima na kitu kisichoweza kuonekana, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo andika muda wa muamala ndani ya jaribio lenyewe. Weka `TZ=UTC` mbele ya amri ya kuliendesha ili litumie saa za UTC, hata kwenye kompyuta yako. Liendeshe mara ishirini mfululizo; likipita hata mara moja, hujamaliza. Faili la jaribio likae nje ya hifadhi ya Git, la sivyo litatoweka wakati wa msako, Git ikirudi kwenye toleo la zamani. Tena, matoleo mengine ya zamani hayajengeki kabisa. Kwa hayo skripti inayoendesha jaribio irudishe namba 125 ili Git iyaruke. 0 ni toleo zima, 1 ni bovu. Ukirudisha 1 kwa toleo lisilojengeka, badiliko lisilo na hatia litabebeshwa lawama.

Hatua ya 4. Waache wasake kwa mkono dakika 40, ndipo uwaonyeshe `git bisect run`, amri ya Git inayosaka yenyewe badiliko lililoleta hitilafu. Hukata historia nusu kwa nusu, hivyo mabadiliko 200 huisha kwa majaribio 8 hivi. Wakimaliza, `git bisect reset` huwarudisha walipoanzia.

Hatua ya 5. Sahihisha daftari kabla ya jibu. Kila kundi liandike lilichodhani, lilichojaribu na kilichotokea. Kundi moja liliandika: "Tulidhani ni kukadiria senti. Tukaweka kiasi kisicho na senti. Kosa bado lipo, basi siyo senti." Halikuipata hitilafu siku ile, lakini nililipa alama nyingi kuliko kundi lililoleta jibu sahihi bila kueleza limelifikiaje.