Kashata za karanga, ufuta na zabibu kavu: shira ikatike, isirudi sukari

Kashata za nyumbani hurithishwa kwa maneno machache: karanga mbili, sukari moja, pika mpaka ikatike. Aliyeyasikia akiwa ameshika mwiko pembeni ya bibi yake anaelewa yote. Anayeyapokea kwa simu, akiwa kwenye chumba cha kupanga Nkuhungu au Area C hapa Dodoma, huishia na kitu kinachong'ang'ania meno, au mchanga mtamu unaomeguka mkononi. Basi hulaumu vipimo, na vipimo havina kosa. Ukizidisha karanga nusu kikombe hakuna atakayejua. Shira ndiyo haina msamaha, kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye ile robo saa ambayo shira iko motoni.

Vipimo hivi ni vya sinia moja la sentimita 28 kwa 40, unene wa kama sentimita moja. Utapata vipande 40 hivi.

- Karanga mbichi zilizobanguliwa: gramu 500 (vikombe vitatu na theluthi moja, kikombe cha mililita 250)
- Ufuta mweupe: gramu 100 (theluthi mbili za kikombe)
- Zabibu kavu: gramu 80
- Sukari: gramu 400 (vikombe viwili)
- Asali ya nyuki wakubwa: gramu 50 (vijiko viwili na nusu vya mezani)
- Maji: nusu kikombe
- Maji ya ndimu: vijiko viwili vya chai
- Chumvi na iliki ya kusaga: nusu kijiko cha chai kila kimoja
- Mafuta ya alizeti ya kupakia sinia, kisu na kifimbo cha chapati

"Karanga mbili" ya wazee maana yake ni vitu vyote vikavu kwa pamoja: karanga, ufuta na zabibu. Ukiongeza ufuta, punguza karanga. Asali ya nyuki wadogo usiiweke hapa hata kama unayo ya kumwaga. Ina maji mengi na ukakasi wake, na mahali pake ni kwenye kijiko cha dawa ya kikohozi.

1. Chagua karanga kabla ya kuwasha moto

Mimina karanga kwenye ungo, pepeta, kisha kaa mahali penye mwanga uzichague kiganja kwa kiganja. Unatafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni udongo. Ule mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha Kongwa mwaka 1947 ulikwama kwa mengi, mojawapo likiwa ardhi yenyewe: kiangazi kikishika, mfinyanzi ule hukauka ukawa kama tofali. Vidonge vya udongo wa namna hiyo huja sokoni ndani ya gunia, saizi ya karanga na rangi ya karanga. Kwenye mchuzi kidonge kingeyeyuka. Ndani ya kashata kinavunja jino.

Cha pili ni karanga zilizosinyaa, zilizotobolewa, zenye ukungu au zilizogeuka rangi. Hizo ndizo hubeba sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na ukungu unaoileta hushika karanga vilevile. Kwa hiyo karanga mbaya hazitengwi kwa ajili ya kuku, zinatupwa. Ukionja moja ikawa chungu, gunia lile liache na nenda kwa muuzaji mwingine.

Kama mzigo ni safi, gramu 500 zitapungua kidogo tu. Ukiona umetoa zaidi ya kiganja kimoja kilichojaa, umenunua vibaya.

2. Kaanga, poza, pukuchua

Karai zito, moto wa mkaa uliokwisha kushika majivu. Kaanga dakika 12 hadi 15 huku ukigeuza bila kuacha. Usiongozwe na ganda la nje, maana karanga nyekundu hudanganya: nje imeiva, ndani mbichi. Toa moja, ipasue. Ndani ikiwa na rangi ya biskuti hafifu, epua. Ndiyo, hafifu. Karanga huendelea kuiva ndani ya karai hata baada ya kuepuliwa, na baadaye itakutana na shira yenye joto kuliko maji yanayochemka. Ukiikaanga hadi iwe kahawia jikoni, kwenye kashata itakuwa chungu.

Mwaga kwenye ungo, tandaza, ziache zipoe kabisa. Zikipoa, pukuchua kwa viganja, pepeta maganda yaende na upepo, kisha chagua mara ya pili. Ganda likitoka ndipo zile zenye madoa zinapojionyesha.

Ufuta wa sokoni una mchanga. Uoshe kwenye bakuli la maji, uchote unaoelea juu kwa chujio na kuacha mchanga chini, uanike ukauke, kisha ukaange dakika nne au tano. Ukianza kurukaruka na kutoa sauti ya kupasuka, mwaga kwenye sahani papo hapo. Ukiuacha karaini dakika moja zaidi utakuwa mchungu.

3. Twanga kidogo

Kinu kinatosha. Tia karanga nusu kwa nusu, piga mchi mara 15 au 20 bila nguvu za kutwangia mtama. Unataka nyingi ziwe nusu na robo, chache ziwe chenga. Chekecha, na unga uliopita uuweke kando. Unga ukizidi vijiko viwili vya mezani hunywa shira yote na kashata haitashikana, na hapo wengi huongeza sukari wakidhani ndiyo iliyopungua.

Usitwange karanga za moto. Mafuta yatatoka, karanga zitavaa utelezi, na shira itateleza juu yake badala ya kuzishika. Mashine ya kusagia ndiyo mbaya zaidi kwa hili. Sekunde tatu za ziada na umetengeneza siagi ya karanga.

Zabibu kavu zikate mbilimbili na uzitandaze juani saa moja au mbili. Kila zabibu ina maji ndani yake, na maji hayo hulainisha sukari inayoizunguka. Ukizidisha gramu 80, kesho yake utakuta kashata ina vidimbwi vya kunata. Zabibu ya Dodoma inayouzwa ikiwa bado laini ni tamu kuila hivihivi, ila kwa kazi hii tafuta iliyokauka hadi inakunjika bila kuacha unyevu kidoleni.

Changanya karanga na ufuta kwenye sufuria ya pili, uiweke pembeni ya jiko zipate uvuguvugu. Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Karanga baridi zikiingia kwenye shira, shira hushituka na kuganda kabla hujageuza mwiko mara tano, na nusu ya karanga hubaki kavu.

4. Shira

Paka sinia, kisu na kifimbo mafuta sasa. Baadaye hutakuwa na nafasi. Weka bakuli la maji baridi karibu, kwa kupimia na kwa mkono wa yeyote atakayeungua, kwa sababu shira haimwagiki ikatoka kama maji. Inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuchoma. Watoto wakae nje ya jiko kwa robo saa hii.

Sufuria yenye kitako kizito: sukari, maji, maji ya ndimu. Moto mdogo, koroga mpaka usikie kwenye mwiko kwamba chembe zimekwisha. Sukari iyeyuke yote kabla ya kuchemka. Ikianza kuchemka, toa mwiko na usiurudishe. Chembe moja ya sukari iliyoshika ukingoni mwa sufuria ikidondoka ndani huwaita wenzake, na shira nzima hurudi kuwa sukari, nyeupe, kavu. Futa kingo kwa kitambaa safi kilicholowa, kilichozungushwa kwenye mwiko, mara mbili au tatu. Ndimu inasaidia kazi hiyohiyo kutoka ndani: asidi huvunja sehemu ya sukari, na sukari iliyovunjika huzuia nyingine kujipanga upya. Lakini ndimu ikizidi, shira haikauki. Vijiko viwili vya chai, basi.

Baada ya dakika kama saba mapovu madogo mepesi yatageuka makubwa, mazito, yanayopasuka polepole. Hapo tia asali na chumvi. Shira itafura, ndiyo maana sufuria isijae zaidi ya theluthi. Usikoroge, tikisa sufuria kwa mpini.

Sasa joto. Vitabu vingi vya mapishi huandikwa kwa jiko la usawa wa bahari, na Dodoma iko kwenye mita 1,100 na ushee. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ukifuata kitabu kinachosema 149, utakuwa umevuka kwa nyuzi nne, na nyuzi nne hapa ni tofauti kati ya utamu na uchungu. Tumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka, soma, ongeza 49. Kwa Dodoma mjini ni 145. Ukiwa Kondoa au Mpwapwa pima upya.

Bila kipimajoto, dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi na ulitoe kwa vidole:

Likiwa kidonge kinachobonyea, bado sana. Likivutika kama bigijii, bado, na hapa ndipo wengi huepua kwa sababu rangi imeshakuwa nzuri. Likikatika "ka!" ukilikunja, na likigongwa kwenye kikombe linalia kama kigae, tayari. Rangi ni ya chai ya rangi isiyokolea. Onja kipande hicho kwa meno ya mbele: kikinata kidogo tu, ongeza nusu dakika. Kutoka bigijii hadi "ka!" ni dakika mbili au tatu, kutoka hapo hadi kuungua ni moja. Punguza mkaa mapema.

Wapo wanaotia magadi soda kidogo mwishoni ili kashata iwe na vitundu na itafunike kirahisi. Inafanya kazi, ila inageuza ladha ya asali, na kashata hugeuka kahawia kabla ya wakati wake. Si ya mapishi haya.

5. Changanya, sukuma, kata

Epua. Nyunyiza iliki, mimina karanga na ufuta vya uvuguvugu, geuza haraka kutoka chini kwenda juu mara 15 hivi, tia zabibu mwisho kabisa na ugeuze mara tatu. Zabibu zikiingia mapema hupasuka na kuachia maji.

Mimina kwenye sinia. Bonyeza kwanza kwa mgongo wa mwiko uliopakwa mafuta, kisha pitisha kifimbo kutoka katikati kwenda kingoni. Una dakika tatu. Kipupwe cha Juni na Julai, upepo ukiingia dirishani, una moja na nusu; funga dirisha na uweke sinia juu ya sufuria ya maji moto kabla ya kumimina.

Subiri hadi uweze kugusa juu bila kuacha alama ya kidole lakini chini kungali na joto, kama dakika nne hadi sita. Kata vipande vya sentimita 4 kwa 6 kwa kubonyeza kisu wima hadi chini. Usiburute, ukiburuta karanga zinang'oka. Kisu kikianza kunata, ni mapema. Kikianza kupasua pembeni, umechelewa: rudisha sinia juu ya mvuke dakika moja.

Acha zipoe kabisa, nusu saa hivi, ndipo utenganishe kwa mkono. Zinapaswa kulia zinapovunjika.

6. Kuhifadhi

Hewa kavu ya kiangazi cha Dodoma inatudekeza: kashata huachwa mezani siku nzima na hazilowi. Masika ni habari nyingine. Kuanzia Desemba hadi Aprili punguza asali hadi kijiko kimoja, ongeza sukari gramu 30, na zifungie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pindi zikipoa, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Asali huvuta unyevu wa hewa kuliko sukari. Fanya hivyo hivyo hata Agosti kama mzigo unapanda treni kwenda Dar. Kashata iliyotoka hapa ikiwa kavu kabisa, ikiachwa wazi huko hunata kabla ya siku kuisha.

Zikifungwa vizuri hukaa wiki tatu hadi nne. Kinachoziharibu baada ya hapo ni mafuta ya karanga kuchacha. Utaijua kwa harufu ya mafuta ya zamani. Ukiisikia, tupa.

Zilizonata kwa sababu ya kuepuliwa mapema hazirekebishiki kwa jua. Zikatekate, ziweke kwenye sufuria kavu, ziyeyushe kwa moto mdogo sana huku ukigeuza, pima tone tena, sukuma upya. Zitakuwa nyeusi kidogo lakini zitakatika. Zilizorudi sukari zitwange pamoja na ule unga wa karanga uliowekwa kando na chenga za kukatia, utie vijiko viwili kwenye kila bakuli la uji wa uwele, na uji huo usiutie sukari nyingine.