Somo: Jinsi ya kuzifikia filamu za sanaa za dunia, hatua kwa hatua

Wakuu, wengi wanatamani kutazama filamu za sanaa na zile za majaribio ila hawajui waingilie wapi. Wakitafuta wanakutana na orodha ya filamu bora za wakati wote, wanachukua iliyo juu kabisa, kumbe ina zaidi ya saa tatu, na nusu saa haijaisha wameshaizima. Orodha zile zinamfaa aliyekwisha kuzoea. Anayeanza ningemshauri ashike jina la mtu mmoja, amfuate, filamu moja impeleke kwenye nyingine.

Hatua ya 1: Anza na fupi

La Jetée ya Chris Marker (Ufaransa, 1962) ina dakika 28 tu, na karibu yote ni picha za mnato zinazofuatana huku msimulizi akizungumza. Kuna mahali mwanamke amelala. Picha zake zinapishana polepole, moja ikiyeyukia kwenye nyingine, halafu ghafla anafumbua macho na kupepesa. Ni sekunde chache, na ndipo pekee picha inapotembea katika filamu nzima. Ukiziona kope zile zikicheza, hutatazama tena mwendo kwenye skrini kama kitu cha kawaida.

Ya pili ni Mothlight ya Stan Brakhage (Marekani, 1963). Huyu hakutumia kamera kabisa. Alichukua mabawa ya nondo waliokufa, petali na vipande vya majani, akavibana katikati ya utepe angavu wa gundi, kisha mkanda ule ukachapishwa kuwa filamu ya dakika chache isiyo na sauti. Unachokiona ni mishipa ya mabawa ikikimbia mbele ya macho. Itazame mara mbili mfululizo: mara ya kwanza macho yanahangaika kutafuta hadithi, mara ya pili yanatulia.

Hatua ya 2: Fuata mtu

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitatoa mfano mmoja kwa urefu.

Anza na Ousmane Sembène wa Senegal. Alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akageukia filamu kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma vitabu vyake. La Noire de… (1966) inamhusu msichana aliyetoka Dakar kwenda kufanya kazi za ndani Ufaransa. Ni fupi, na picha zake ni kavu, hazina pambo.

Kutoka kwake nenda kwa Mambéty, Msenegali mwenzake, na Touki Bouki (1973). Vijana wawili wanazunguka Dakar kwa pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe, wakiota kufika Paris. Sembène anakueleza jambo likaeleweka; Mambéty anakata picha popote anapotaka na kukuachia wewe uunganishe. Watazame wakifuatana, utajua kwamba hakuna "mtindo wa Kiafrika" mmoja.

Mambéty alikuwa na mdogo wake, mwanamuziki Wasis Diop. Binti wa Wasis ni Mati Diop, naye ni mwongozaji. Mwaka 2013 alitoa Mille soleils, akimfuata mwigizaji yuleyule wa Touki Bouki, sasa mtu mzima, bado yuko Dakar. Mwaka 2019 filamu yake Atlantique ikapata Tuzo Kuu kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na mwaka 2024 Dahomey ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo ya juu ya tamasha la filamu la Berlin.

Mati Diop pia ameigiza. Yumo katika 35 Rhums (2008) ya Claire Denis wa Ufaransa, kisa cha baba na binti yake aliyekua. Na Denis hakuficha kwamba alichota kwa Yasujirō Ozu wa Japani, katika filamu ya 1949 ya baba na binti vilevile, Banshun. Umeona? Umetoka Dakar, ukapita Paris, ukafika kwa mzee aliyeiweka kamera chini karibu na mkeka, na hakuna orodha iliyokuelekeza.

Hatua ya 3: Jua matamasha

FESPACO ya Ouagadougou, Burkina Faso, tangu 1969, kwa filamu za Afrika. Rotterdam, Uholanzi, tangu 1972, kwa waongozaji wapya na wanaothubutu. Oberhausen, Ujerumani, tangu 1954, kwa filamu fupi. Soma programu nzima, usiishie kwa washindi.

Hatua ya 4: Mahali pa kutazama

Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada imeweka kazi zake nyingi mtandaoni bure, zikiwemo za Norman McLaren, aliyechora moja kwa moja juu ya mkanda. MUBI, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, ni ya kulipia. Kwa filamu za zamani, tafuta nakala iliyokarabatiwa. Touki Bouki ilikarabatiwa mwaka 2008, na kuitazama kwenye nakala chakavu ni kumwonea mwongozaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nyingine ziko taratibu mno, nasinzia. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya kulaumu utaratibu, jiulize unakufanyia nini. Chukua Jeanne Dielman ya Chantal Akerman (1975), dakika 201. Mama mjane anapika, anaosha vyombo, anatandika, siku tatu. Siku ya kwanza unaona kila kitu kikienda kwa mpango wake. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, naye anasimama na sufuria mkononi, hajui aiweke wapi. Kwa kuwa umeishika ratiba yake, viazi vile vinakutia hofu. Ikikatwa iwe ya saa moja na nusu, hofu hiyo haipo. Ila usianze na hiyo! Rudi hatua ya 1.

Swali: Maandishi ya tafsiri yanachelewa kuliko sauti. Kuna dawa?

Jibu: Ipo. Kwenye VLC (programu ya kuchezea video) ya Windows, vitufe G na H huyasogeza mbele au nyuma kidogokidogo. Ila kama mwanzoni yako sawa na tofauti inaongezeka kadiri filamu inavyokwenda, tatizo ni kasi: faili moja ni ya fremu 24 kwa sekunde, jingine 25. Hapo kusogeza hakusaidii, tafuta faili la maandishi linalolingana na nakala yako.

Swali: Nisipoielewa filamu ya majaribio, nisome maelezo kwanza?

Jibu: Hapana, dada, tazama kwanza. Kisha jiulize imetengenezwaje: kamera ilikuwa wapi, sauti imetoka wapi, kwa nini ikakatwa pale. Ukishayajibu hayo kwa macho yako, soma maelezo, halafu itazame tena.