Kopo la Kitunguu la Mwaka Jana Usilichanganye na Jipya

Kila msimu wa kusia kitunguu ukikaribia huku Ruaha Mbuyuni simu zinakuwa zile zile, bwana shamba njoo uone, mbegu ni feki, imeota nusu nusu. Nafika, naangalia kitalu, naomba kuona kopo. Naletewa makopo mawili. Moja jipya, lingine la mwaka jana lilibaki robo, limefunikwa na kipande cha nailoni na mpira, limekaa dirishani toka siku ile. Mlichanganya? Eeh tulichanganya, tuliona hasara kutupa. Haya, hasara yenyewe ndo hiyo hapo kwenye tuta!

Sisemi mbegu za kubaki zitupwe, hela mliyonunulia naijua. Ninachokataa ni kumwaga la zamani na jipya kwenye bakuli moja, unakoroga na mkono, afu unasia. Hilo ndo kosa, na wanaolifanya ni wakulima wazoefu kabisa, wengine wamelima kitunguu kabla mimi sijaanza kazi.

Hesabu wanayopiga kichwani ni kwamba jipya linaota vizuri, la zamani vibaya kidogo, ukichanganya unapata wastani. Kwenye daftari ni kweli. Kitaluni hakuna wastani, kuna makundi mawili ya miche yenye umri tofauti kwenye tuta moja. Mbegu mpya kwa joto la huku siku ya 7 au ya 8 imeshatoa shingo. Iliyochoka, hata ile iliyo hai, inachelewa, unaiona siku ya 13, nyingine ya 16. Sasa niambie nyasi za kufunika tuta unatoa lini? Ukitoa siku ya 8 ile ambayo haijaota inabaki juani, udongo wa juu unakauka na kichipukizi kinafia humo humo. Ukiziacha mpaka siku ya 16, ile ya mwanzo inarefuka njano kama uzi, ukifunua inalala chini.

Maji ndo balaa zaidi. Mbegu ambayo haijatoka inataka udongo wa juu uwe na unyevu muda wote, mche uliotoka unataka upunguziwe maji upumue. Mkulima anaonea huruma zilizochelewa, anamwagilia asubuhi na jioni, ndani ya siku nne kinyausi kimeingia, miche inakatika shingoni. Anakimbia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Yaani kwa robo kopo ambayo alitaka kuiokoa anatumia hela ya kopo zima kununua dawa, na bado hajafika shambani. Kwenye kuhamisha, mche wa wiki 7 uko kama penseli na mwenzake pembeni uko kama uzi wa kushonea, wote wanang'olewa siku moja, ule uzi ukipona unatoa kitunguu kama gololi. Wakati wa kuvuna nako huku shingo zimelala, huku bado mabichi, ukisubiri mabichi yale yaliyokomaa yanaanza kuharibika, ukivuna vyote mabichi yanaozea stoo na kuozesha wenzake.

Kwa hiyo mbegu ya zamani inapimwa peke yake, na ikifaulu inasiwa peke yake, kwenye tuta lake, na kibao chake. Basi.

Kitunguu nakisema sana kwa sababu ndo mbegu inayokufa haraka kuliko karibu mboga zote tunazolima. Ukiitunza kawaida ni mwaka 1, ukijitahidi 2. Hoho na bamia kama miaka 2, karoti 3, nyanya, kabichi, sukuma na biringanya kama 4, tango na saladi zinaweza kufika 5. Hiyo ni ikikaa pakavu na baridi, sio dirishani. Watu wa mbegu wana kanuni moja nzuri, kwamba unyevu wa ndani ya mbegu ukipanda kwa asilimia 1 umri wake unakatika nusu, na joto la mahali inapokaa likipanda nyuzi 5 unakatika nusu tena. Sasa pima mwenyewe nyumba ya bati ya huku saa nane mchana. Na tarehe ya kuisha iliyoandikwa kwenye kopo ni ya kopo ambalo halijafunguliwa, limekaushwa kiwandani na kuzibwa hewa isiingie. Siku umelitoboa tarehe hiyo haikuhusu tena, lakini mtu ananionyesha kopo lilikaa wazi miezi kumi ananiambia bwana shamba mbona bado halijaisha muda.

Kupima ni hivi, na naomba mfuate vipimo, sio kukadiria. Hesabu mbegu 100. Sio 10! Mbegu 10 zikiota 7 unatangaza asilimia 70, rudia kesho utapata 4. Zitoe juu, katikati na chini ya kopo, zigawe mafungu manne ya 25. Chukua tishu, kunja mara tatu au nne, lowesha, kamua, ukiibonyeza na kidole gumba isitoe tone. Wengi wanaharibia hapa, wanaziloweka chepechepe, mbegu zinakosa hewa zinaoza, afu wanasema zilikuwa zimekufa. Panga mbegu zisigusane, viringisha, weka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko (mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku toka 2019 msinitafutie kesi), andika tarehe juu. Kwa kitunguu weka sehemu yenye ubaridi, chini ya kitanda au karibu na mtungi, isiwe karibu na jiko na isiwe juu ya kabati linalogusana na bati. Kila siku fungua dakika moja ipate hewa, ikianza kukauka nyunyizia kidogo.

Hesabu ya kwanza siku ya 6, ya mwisho siku ya 12. Karoti na hoho siku ya 7 na ya 14, nyanya 5 na 14, kabichi na sukuma 5 na 10, tango 4 na 8. Saladi siku 7 inatosha lakini joto likizidi inagoma kuota hata ikiwa mpya, hiyo usiihukumu bila kuijaribu sehemu yenye baridi. Unahesabu zile zenye mzizi na kichipukizi vyote vizima. Kamkia keupe peke yake sio mche, na iliyooza ncha haihesabiwi, tusidanganyane. Mafungu yakipishana sana, hili 22 hili 12, rudia zoezi.

Ile ya kumwaga mbegu kwenye glasi ya maji eti inayozama ni nzima, inayoelea ni mbovu, achaneni nayo kwa mbegu ndogo. Mbegu iliyokufa inazama vizuri tu, na ya hoho nzima kabisa inaweza kuelea.

Muda: jaribio lianze wiki 3 kabla ya siku ya kusia. Unataka kusia tarehe 1 Machi, anza tarehe 8 Februari. Siku 12 za kusubiri, zinazobaki ni za kutafuta hela na kwenda mjini kununua nyingine kama imefeli. Kuna mtu mwaka juzi alianza jaribio siku ile ile anayosia, nikamuuliza sasa majibu yakija utafanyia nini, akacheka.

Ukishapata namba, chukua asilimia iliyoandikwa kwenye kopo, gawa kwa ya kwako, zidisha na kiasi unachosia siku zote. Kopo linasema 85, wewe umepata 60, hiyo ni kama 1.4, kwa hiyo tuta ulilokuwa unasia gramu 50 sasa weka 70. Pima kwa mzani wa dukani, sio kwa kifuniko cha soda. Ikiota chini ya 60 usiipeleke kwenye kitalu cha biashara, hata ukiongeza mara tatu, kwa sababu zinazoota hapo nazo ni dhaifu.

Nyanya na hoho za chotara ni habari nyingine, zile mbegu zinauzwa kwa kuhesabu moja moja na inauma kweli. Hizo hata zikiota asilimia 40 unaweza kuziokoa, otesha zote kwenye tishu kwanza, kagua kila asubuhi, mzizi ukifika milimita 3 mpaka 5 inyanyue na ncha ya kijiti kilicholoweshwa, weka kwenye trei kina cha sentimita 1. Ukingoja mzizi uwe mrefu utaukata, na mzizi huo ukikatika umepoteza mche. Trei ya hizi nayo iwe yake, jamani, nimeshasema.

Mahali pekee ninaporuhusu kuchanganya ni bustani ya nyumbani. Mbegu za maua zilizobaki, zinia, marigodi, alizeti, koroga zote mwaga pembeni ya uzio, kitakachoota kimeota, hakuna anayesubiri uvune kwa tarehe. Mchicha, giligilani au sukuma za zamani tawanya nene kwenye katuta ka mita moja, unakata majani machanga unapikia nyumbani. Angalia tu mbegu isiwe na rangi. Ile nyekundu, bluu au kijani imepakwa dawa, hiyo haisiwi kwa ajili ya kula vichipukizi.

Kinachobaki baada ya kusia, andika kwa maka peni tarehe uliyofungua, weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza pamoja na vijiko viwili vya mchele uliokaangwa ukakauka na kupoa, mchele uwe kwenye kitambaa, mbegu kwenye karatasi. Mwenye friji aweke huko, sehemu ya chini, sio kwenye barafu, na siku ya kuitoa aiache mezani usiku mzima ndo afungue, ukifungua ikiwa ya baridi mvuke unaganda juu ya mbegu.

Kitalu kilichokaa sawa utakijua, miche inatoka yote ndani ya siku tatu nne na inalingana.

Na zile zilizofeli zenye rangi ya dawa, msiwamwagie kuku. Chimbeni shimo mbali na kisima mfukie, na lile kopo toboeni kitako, nimeshakuta limewekewa chumvi jikoni.