Kubadili pedi za breki za mbele mwenyewe: mfano wa Toyota IST

Kazi ya kubadili pedi ina bolti mbili kila upande, na kwenye IST mara nyingi unafungua moja tu. Ndiyo maana fundi anaimaliza kazi chai yake ikiwa bado ya moto. Hatari haiko kwenye pedi. Iko kwenye jeki kabla hujaanza, na kwenye pedali ya breki ukishamaliza. Huko nitakawia, kwingine nitapita haraka.

Natumia IST ya kizazi cha kwanza (NCP60 ya cc 1300 na NCP61 ya cc 1500) kwa sababu ndiyo ninayoendesha, na ukisimama dakika tano kwenye barabara yoyote ya Dar utaona kwa nini mfano huu unawafaa wengi. Vitz ya miaka hiyo haitofautiani sana kwa kazi hii. Breki za mbele ni za diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi), za nyuma ni za ngoma. Ngoma usianze nazo, springi zake zitakutia hasira bure.

Hatua ya 1: Hakikisha pedi kweli zimeisha

Kata usukani wote upande mmoja, chuchumaa, washa tochi ya simu uchungulie kwenye matundu ya rimu. Utaona diski inang'aa na pedi imeibana. Usihesabu kile chuma cha mgongoni, angalia lile tabaka linalogusa diski. Likiwa jipya ni kama milimita 10. Kikomo cha Toyota ni milimita 1, lakini mimi nikiona 3 zimebaki nakwenda dukani.

Ile unayoiona ni pedi ya nje. Ya ndani huweza kuwa imeliwa zaidi, hasa kama pini za kalipa, yaani pini ambazo kibanio cha pedi huteleza juu yake, zimekauka, kwa hiyo pedi ya nje isikudanganye. Mluzi mwembamba ukikanyaga breki ni kile kiulimi cha chuma kwenye pedi kinachogusa diski, kimewekwa makusudi kikupigie kelele. Mluzi ukigeuka mngurumo wa kusaga, chuma kinakula chuma. Hapo tazama na diski yenyewe: unene wake wa mwisho unaoruhusiwa huwa umeandikwa juu yake pembeni, karibu na neno MIN.

Hatua ya 2: Vifaa na pedi

Utahitaji jeki, spana ya tairi (namba 21), soketi namba 14, spana ya mdomo wazi ya kushikilia pini isizunguke, klempu ya seremala, brashi ya waya, kipande cha waya, grisi ya silikoni ya kuvumilia joto, matambara, na sirinji kubwa kutoka duka la dawa. Sirinji utaielewa mbele. Na stendi mbili za jeki. Ukibanwa na pesa, punguza kwingine kote, si kwenye stendi.

Pedi huuzwa seti ya nne, mbili kila upande, na hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Ilala beba kadi ya gari, au bora zaidi pedi kuukuu yenyewe, uilinganishe pale pale kaunta. Utaambiwa, "Dada, hii orijino kabisa, ya Japani." Boksi halithibitishi kitu, siku hizi maboksi yanachapwa vizuri kuliko kilichomo ndani. Itoe pedi, ikwaruze pembeni kwa ukucha. Ikitoa unga, au tabaka likiwa limekaa upande kwenye bati lake, irudishe. Nunua kwa mtu ambaye kesho utamkuta palepale.

Hatua ya 3: Kunyanyua gari

Tafuta sakafu ngumu na tambarare. Kwenye mchanga jeki inazama taratibu huku wewe umeinama. Kama uwanja wako wote ni mchanga, kama wangu ulivyokuwa Mbagala, tandika ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Weka gia kwenye P, vuta handibreki, kisha tia vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Sasa legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, robo mzunguko tu kila moja. Ukinyanyua kwanza, tairi litazunguka na wewe utakuwa unalitikisa gari juu ya jeki.

Pitisha kiganja chini ya kizingiti cha mlango, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Utapapasa bati lenye mikato miwili. Jeki inakaa katikati ya mikato hiyo, si pengine popote. Nyanyua, weka stendi pale chuma kilipo imara, shusha gari lilalie stendi, kisha lisukume kwa bega. Likicheza, anza upya. Likitulia, chomoa tairi ulilaze chini ya kizingiti; stendi ikikusaliti, gari litaangukia tairi.

Najua umeona mafundi wakiegesha gari juu ya tofali. Tofali la mchanga na saruji halipindi kwanza likakuonya. Linapasuka mara moja.

Fanya upande mmoja hadi umalize ndipo uhamie wa pili. Ukisahau klipu inakaaje, upande wa pili bado upo mzima wa kuigizia.

Hatua ya 4: Kufungua

Kata usukani ili mgongo wa kalipa utazame nje. Utaona bolti mbili namba 14, ya juu na ya chini. Fungua ya chini peke yake. Pini ikizunguka pamoja nayo, ishikilie kwa ile spana ya mdomo wazi. Sisi wa pwani tuna kutu ya chumvi, kwa hiyo nyunyizia dawa ya kutu usiku uliotangulia, lakini isiguse diski.

Bolti ikitoka, inua kalipa kama mfuniko wa sanduku na uifunge kwa waya kwenye springi. Ukilazimika kuitoa kabisa, usiiache ining'inie kwenye bomba lake la mpira. Bomba hilo linabeba breki yako yote ya upande huo.

Pedi zinachomoka kwa mkono. Piga picha kabla hujagusa kitu: klipu za juu na chini, vibati vya mgongoni, na pedi yenye kile kiulimi ilikaa ndani au nje. Vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lipanguse kwa tambara bichi.

Chomoa pini, futa grisi ya zamani, paka mpya, zirudishe. Ziwe zinateleza kwa kidole. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nzima.

Hatua ya 5: Kurudisha pistoni

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni iliyotokeza (ile silinda ya ndani ya kalipa inayosukuma pedi) lazima irudi ndani. Fungua boneti, legeza kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki. Weka pedi kuukuu juu ya pistoni, bana kwa klempu, kaza polepole. Mafuta yanarudi juu kwenye chupa. Kama kuna mtu aliijaza wakati pedi zimeisha, yatafurika, na mafuta ya breki hula rangi ya gari. Ndiyo kazi ya sirinji: nyonya kiasi kabla hayajafika ukingoni. Yakimwagika, mwagia maji mengi papo hapo.

Pistoni ikigoma kabisa, au ukiona unyevunyevu kwenye mpira wake, simama hapo. Rudisha ulivyokuta umwite fundi. Kufungua mabomba na kutoa hewa ni kazi nyingine.

Hatua ya 6: Kufunga

Safisha vikalio vya pedi kwa brashi ya waya. Grisi kidogo sana kwenye masikio ya pedi, hata chembe isiguse uso wake wala diski. Pachika pedi, shusha kalipa, rudisha bolti, kaza imara. Rudisha tairi, nati kwa vidole kwanza, shusha gari, ndipo ukaze kwa msalaba. IST ina nati nne. Mwenye spana ya kipimo aweke 103 Nm. Asiye nayo akaze kwa mkono bila kupanda juu ya spana.

Hatua ya 7: Pampu pedali kabla hujawasha gari

Mara yangu ya kwanza nilimaliza saa kumi jioni, nimepakaa masizi hadi kwenye nyusi, najiona fundi. Nikaingia, nikawasha, nikatia R, nikaachia breki. Gari likaanza kurudi nyuma kuelekea getini. Nikakanyaga. Pedali ikaenda hadi sakafuni kama imekanyaga pamba. Nikavuta handibreki kwa mikono miwili, gari likasimama likiwa limeshapindua ndoo ya nguo za jirani. Bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akipepeta mchele, akauliza bila kuinua macho: "Mwanangu, hilo gari lina breki?"

Breki zilikuwepo. Pistoni ulizozisukuma hadi mwisho ziko mbali na pedi, na mikanyago ya mwanzo inatumika kuzirudisha tu. Kwa hiyo kaa kitini injini ikiwa imezimwa, kanyaga taratibu, achia, kanyaga tena, hadi pedali iwe ngumu na ibaki juu. Halafu tazama chupa: mafuta yawe kati ya MIN na MAX. Yakipungua ongeza DOT 3 (ndilo daraja la mafuta ya breki). DOT 4 inachanganyika nayo, DOT 5 haichanganyiki. Funga kifuniko.

Hatua ya 8: Kuzizoesha

Jaribu kwanza uani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha tafuta barabara tupu alfajiri: nenda kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10, rudia mara kumi hivi, ukiacha mwendo kidogo katikati zipoe. Usisimame kabisa umekanyaga breki zikiwa moto. Harufu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Gari kuvuta upande mmoja si kawaida, na rimu moja kuwa moto kuliko mwenzake huenda ni pini imekwama: rudi Hatua ya 4.

Kesho yake pitia nati tena kwa spana. Pedi kuukuu usizitupe mara moja. Andika juu yake kwa chaki upande zilikotoka na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, uziweke pamoja na jeki.