Tengeneza neva ndani ya Excel: milango ya sodiamu na potasiamu hatua kwa hatua

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza wa udaktari. Alikuwa amekariri kama kasuku: neva ikisisimka, sodiamu huingia, potasiamu hutoka, basi. Nilipomuuliza kwa nini sodiamu haiendelei kuingia tu, akanyamaza. Tukafungua Excel. Najua wengi watasema Python, lakini anayeanza anatakiwa azione namba zenyewe zikisogea mstari kwa mstari.

Hesabu ni za wanasayansi Hodgkin na Huxley, 1952, walizozipata kwenye neva nene ya ngisi.

Hatua ya 1: Vigezo

Juu kabisa andika C = 1; gNa = 120, gK = 36, gL = 0.3; ENa = 50, EK = −77, EL = −54.4. C ni uwezo wa utando wa neva kuhifadhi chaji, g ni wepesi wa ioni kupita, E ni volteji ambayo kila mkondo huvutia kuelekea kwake; Na ni sodiamu, K potasiamu, L uvujaji mdogo. Volteji ni milivolti, muda ni milisekunde.

Hatua ya 2: Safu

Safu ni t (muda), V (volteji ya neva), m, h na n. Mstari wa kwanza: 0, −65, 0.053, 0.596, 0.318.

Herufi m, h na n ni uwezekano wa mlango kuwa wazi, kati ya 0 na 1. Chaneli ya sodiamu, yaani njia yake kwenye utando wa neva, huwa wazi kwa kiasi cha m³h. Volteji ikipanda, m hufunguka upesi, na volteji ileile humfanya h ajifunge, ila yeye hana haraka. Sodiamu hupita katika kile kipindi kifupi ambacho m amefunguka na h bado hajafunga. Hilo ndilo jibu la swali langu. Ya potasiamu ni n⁴, na n naye ni mzito wa kuamka.

Hatua ya 3: Kasi za milango

Hapa usiwe na pupa. α ni kasi ya mlango kufunguka, β ni kasi ya kufunga.

αm = 0.1(V+40) / (1 − exp(−(V+40)/10))
βm = 4 exp(−(V+65)/18)
αh = 0.07 exp(−(V+65)/20)
βh = 1 / (1 + exp(−(V+35)/10))
αn = 0.01(V+55) / (1 − exp(−(V+55)/10))
βn = 0.125 exp(−(V+65)/80)

Ukifungua makala yenyewe ya 1952 utakuta fomula zisizofanana na hizi. Wao walihesabu volteji kuanzia pale neva ilipotulia, kwa hiyo utulivu kwao ni 0, si −65. Tena alama imegeuzwa: neva ikisisimka, V yao inakuwa hasi, na ENa yao ni −115. Mimi niliwahi kuchukua αm yao nikaiunganisha na V yangu ya −65. Excel haikulalamika hata kidogo, ila grafu haikutoka sawa. Nikaongeza kichocheo, nikaongeza gNa, jioni nzima ikaenda. Chukua fomula zote sehemu moja, kisha uzipime kabla ya kuendelea: V ikiwa −65, αm/(αm+βm) lazima itoe 0.053, ya h itoe 0.596, ya n 0.318. Moja ikikataa, usisogee.

Mtego mwingine: V ikiwa −40 kamili, αm inakuwa sifuri kwa sifuri na Excel inakupa #DIV/0!. Weka IF irudishe 1. Kwa αn ni V ya −55, irudishe 0.1.

Hatua ya 4: Mwendo

m mpya = m + 0.01 × (αm(1−m) − βm·m). Fanya vivyo hivyo kwa h na n.

V mpya = V + 0.01 × (I − gNa·m³h(V−ENa) − gK·n⁴(V−EK) − gL(V−EL)) / C

I ni mkondo wa kuichochea neva; upe safu yake. Vigezo vya Hatua ya 1 vifunge kwa $, visisogee ukinakili. Nakili mistari 2000, upate milisekunde 20. Hiyo 0.01, yaani hatua ya muda ya kila mstari, usiikuze hadi 0.1 ili kupunguza mistari. Grafu huanza kurukaruka kileleni.

Hatua ya 5: Isisimue

Weka I = 20 kwa milisekunde moja, kisha 0. V itapanda kupita sifuri, itashuka, itapitiliza chini ya −65, ndipo itulie. Ukiweka 2, hakuna kitu. Muda wake usiulinganishe na wa neva za binadamu: fomula hizi ni za nyuzijoto 6.3 za Selsiasi.

Sasa weka gNa = 0. Chochea utakavyo, msukumo hautokei. Sumu ya samaki bunju hufanya hivyohivyo, huziba chaneli za sodiamu. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo hulenga chaneli hizohizo. Rudisha 120, weka gK = 0: V hupanda hata bila kuchochewa, ikabaki juu. Kabla ya kuhifadhi faili rudisha 36, maana mimi nilisahau na kesho yake nikaanza kusaka kosa upya.