Toa dukuduku kabla halijahamia mwilini

Mimi ni nesi wa kliniki ya presha hapa Tanga. Namuuliza mama muuza samaki wa soko la Deep Sea, "Nyumbani hamjambo?" Ananijibu, "Hatujambo, mwanangu," huku anaikunja kadi yake mpaka inachanika. Usingizi hana, kichwa kinamgonga, kifua kinabana.

Kwanza pima. Usikubali mtu akwambie "ni mawazo tu" kabla hujapimwa. Vidonda vya tumbo tulivilaumu mawazo miaka mingi, mpaka madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba vingi vinaletwa na bakteria, wakapewa Nobeli mwaka 2005. Bakteria hao hawaondoki kwa kulia, wanataka dawa. Na kama presha inarudia 140/90 au zaidi, usiache vidonge eti kwa sababu umepatana na wifi.

Lakini kujikaza nako kuna gharama. Mwaka 1993 wanasaikolojia wa Marekani James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kutia kinyaa. Walioambiwa wafiche hisia, nyuso zilitulia, ila ngozi ya vidole ilizidi kutoa jasho: mwili ulikuwa bado vitani. Vita hiyo ikiwa ya kila siku, homoni za msongo hazipumziki, usingizi unaharibika, kinga nayo inalegea.

Dawa ninayoipenda ni daftari. Watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti mwaka 1986: wanafunzi waliandika dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio zito pamoja na walivyolihisi, miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Nawe fanya hivyo, wenzako wakishalala. Usiandike "nina mawazo". Andika jambo lenyewe: "Siku ya arobaini shemeji alichukua funguo za duka mbele ya watu, mimi nikaendelea kumimina chai. Nilitaka kupiga kelele." Mwandiko mbaya hauna neno. Ukimaliza, chana, choma, maana nyumba zetu hazina droo ya siri. Usiyezoea kalamu, jirekodi kwenye simu kisha ufute.

Ukishaandika unaweza kujisikia mzito saa moja au mbili. Hilo ni la kawaida. Ukianza kutetemeka au kuona jinamizi, acha. Msiba ukiwa mbichi usijilazimishe, kaa na watu kwanza. Na wazo la kujidhuru likikujia, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Siku ya kliniki, tuambie walau sentensi moja ya ulichoandika. Ngoja tu mkanda wa kipimo ulegee kwanza, kwa sababu kuongea wakati unapimwa kunapandisha namba.