Kununua kiwanja pembezoni mwa Dar bila kupigwa

Kabla hujampigia dalali simu, angalia sensa kwanza, na sitanii. Mkoa wa Dar 2012 ulikuwa na watu milioni 4.36, mwaka 2022 wakafika milioni 5.38. Sasa angalia jirani yake Pwani, kipindi hicho hicho imetoka milioni 1.1 mpaka milioni 2 na kitu, karibu mara mbili. Hao hawajazaliwa wote Kibaha na Mkuranga jamani, wamo wengi waliosukumwa na bei za Dar wakavuka mpaka wa mkoa, asubuhi wanarudi mjini kutafuta hela jioni wanaenda kulala Pwani. Kwa hiyo ukiulizia kiwanja usianze na bei, anza kwa kuuliza mji unaelekea wapi na umeshapeleka nini huko.

Njia za kutoka Dar zinajulikana. Morogoro Road unapita Kimara, Mbezi, Kibamba, Kiluvya mpaka Kibaha. Bagamoyo Road kuna Tegeta, Bunju, Mapinga. Kilwa Road ni Mbagala, Kongowe, Vikindu, Mkuranga. Upande wa Pugu unaenda Gongo la Mboto mpaka Chanika, halafu kuna Kigamboni ambayo daraja lilifunguliwa 2016, kabla ya hapo ilikuwa pantoni au uzunguke Kongowe. Stendi ya mabasi ya mikoani nayo ilihama Ubungo ikaenda Mbezi 2021, ikahama na mama ntilie, bodaboda, gesti na mafremu. Kitu kama hicho ndo kinapandisha bei ya kiwanja kwa sababu kimeleta watu wenye shughuli. Dalali akikwambia "lami inakuja" mwitikie vizuri tu, ila wewe lipa bei ya vumbi, lami ikija ni faida yako.

Sasa piga hesabu ya nauli, hapa watu wengi hawagusi kabisa. Tuseme kiwanja cha mbali ni nafuu kwa milioni 3 kuliko cha karibu, lakini kila siku ya kazi unaongeza 4,000 ya boda na daladala. Siku 26 ni 104,000 kwa mwezi, kwa mwaka 1,248,000, miaka miwili na nusu ule unafuu umeisha wote na bado unaamka saa kumi usiku. Kama mko wawili mnaotoka, au watoto wanasoma mjini, zidisha mwenyewe.

Ukishapata eneo nenda kaliangalie masika, Machi mpaka Mei. Kiangazi kila bonde ni tambarare safi yenye upepo. Angalia kuta za majirani kama zina mstari wa maji, waulize wamama wa gengeni sio muuzaji, na kama kuna mto ujue Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingoni ziachwe, pwani ya bahari vilevile. Barabara kuu nayo ina hifadhi yake, kwa kawaida mita 30 kila upande toka katikati, ila Morogoro Road ilikuwa kubwa kuliko hivyo na waliojenga Kimara mpaka Kiluvya walibomolewa 2017, wengine na vibali mkononi. Ukiona X kwenye ukuta wa jirani uliza ya rangi gani, nyekundu ina maana yupo ndani ya hifadhi hana chake, kijani anasubiri fidia.

Makaratasi sasa. Uliza moja kwa moja: kimepimwa au hakijapimwa? Kilichopimwa kina namba ya kiwanja, kitalu na mawe ya mpaka chini, basi chukua hizo namba nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, utajua jina la mwenye hati na kama benki imeshikilia. Usikubali kopi ya hati kwenye WhatsApp, hata mtoto anaweza kuitengeneza. Kisichopimwa ndo viwanja vingi vya pembezoni vilivyo, siwezi kukuambia usinunue maana nusu ya mtaa ungekuwa mtupu, ila nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uulize mchoro wa eneo hilo, unaweza kukuta umeuziwa shule ya msingi au barabara ya mita 20. Halafu pima kwa futi kamba, usikubali 20 kwa 20 ya hatua, hatua za muuzaji huwa fupi sana siku hiyo.

Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzake asaini. Kama ni eneo la marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, sio kaka mkubwa mwenye sauti. Ita majirani wa pande zote siku ya kuonyeshana mipaka, wasaini pia, hao ndo watakuja kukutetea kesi ikitokea. Mkataba uandikwe na wakili, serikali ya mtaa ishuhudie, na kama ofisi ya mtaa inataka ile asilimia 10 ya mauziano omba kwanza waonyeshe inatoka kwenye sheria gani na risiti ya serikali, mara nyingi mjadala unaanzia hapo na hela inapungua. Malipo yapite benki kwenye akaunti ya muuzaji mwenyewe, dalali umpe chake pembeni.

Ukishanunua usikiache kipori ukaenda kutafuta hela ya kujenga. Hata kama huna kitu, panda michongoma, mwaga tripu ya mawe, piga msingi wa chumba kimoja, mlipe kijana wa jirani afyeke kila mvua ikikata. Kama kina hati lipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, risiti weka pamoja na mkataba, na piga picha vyote utume kwenye email yako.